Ubao wa Tanga kwa Fedha ya Korosho

    

Leo nimekuja na mada ambayo najua wengine mtacheka kabla sijaimaliza sentensi. Tunazungumzia bei ya ubao wa tanga. Umesikia sawasawa. Ule ubao mrefu unaoelea baharini, umesimikwa mlingoti na tanga, mtu anasimama juu yake bila kukaa wala kupiga kafi, anashika tanga kwa mikono miwili, na upepo unampeleka. Bei yake ni kiasi gani, na kuna njia gani za kuupata kwa fedha kidogo?

Sasa utaniuliza: wewe bwana, sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde. Hapa ndoo ya maji ya kunywa ni shauri la familia nzima, watu wamejenga visima vya kukinga mvua ya paa, na mradi wa maji unapandisha maji mlimani tangu enzi za mkoloni. Ubao wa kuchezea bahari tuufanyie nini?

Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba vijana wetu hawakai. Korosho ikishauzwa, huyo kapanda basi: Mtwara, Dar es Salaam, Unguja. Wapo waliofika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako watalii wanakuja kwa sababu ya upepo wenyewe. Kijana wa Newala anafagia ua wa hoteli, anabeba vifaa vya wageni, anawatazama wanavyoteleza, mwisho naye anajaribu. Akiisha kujaribu, kazi imeanza. Siku moja simu inaita huku nyumbani: "Shikamoo mjomba. Kuna mgeni anaondoka, anauza ubao wake. Ninunue?"

Na mjomba, mnajua kwetu mjomba ni nani, ndiye wa kuombwa ushauri na ndiye wa kuombwa fedha. Lakini mjomba ubao wa tanga hajapata kuushika. Atasema nini? Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni ya watu wawili, kijana wa Paje na mjomba wa Newala. Wengine sikilizeni tu, hamtakosa la kuokota.

Tuanze na bei, kisha tuone bei hiyo inatoka wapi.

Kwanza ujue kwamba hununui kitu kimoja. Kuna ubao wenyewe. Kuna mlingoti. Kuna tanga. Kuna ule upinde wa kushikia, unaozunguka tanga pande zote mbili. Kuna pezi chini ya ubao, kwa nyuma. Na kuna kiungo kidogo cha mpira kinachounganisha mlingoti na ubao, kinachouwezesha mlingoti kulala na kusimama kila upande. Hicho kiungo ukikishika mkononi utakidharau. Usikidharau, tutarudi kwake.

Seti nzima ya mwanafunzi, mpya, ya kawaida kabisa, kule inakotengenezwa ni dola kama 2,000, na ukitafuta nzuri zaidi unakwenda 3,000 na 4,000. Tuchukue hiyo ya 2,000. Dola moja tuihesabu shilingi 2,500, ili hesabu isitusumbue. Ni milioni tano.

Milioni tano ni korosho kiasi gani? Tuipime kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, aliyoitangaza Rais Magufuli mwezi wa Novemba 2018, mwaka ambao malori ya jeshi yalikuja kubeba korosho. Mnaikumbuka. Kwa bei hiyo unahitaji zaidi ya tani moja na nusu. Ni magunia kumi na tisa ya kilo themanini. Na hapo bado haujapanda meli, bado forodha haijaona kitu chake, bado kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haijasema neno. Na kitu chenye urefu wa karibu mita tatu hakiingii kwenye kifurushi cha posta. Kinasafiri kama mzigo mkubwa, na kinalipa kama mzigo mkubwa.

Mjomba hapo ameshakata simu. Mpigie tena, kwa sababu sasa ndiyo tunafika mahali penyewe.

Katika hizo fedha, kijana, unalipia vitu viwili ambavyo huvihitaji. Unalipia safari ya ubao, na unalipia mwendo kasi. Narudia: unalipia safari ya ubao kutoka mbali, na unalipia mwendo kasi ambao bado hujui kuutumia. Ukiviondoa hivyo viwili, bei inashuka mpaka mahali ambapo mkulima wa korosho anaweza kuitazama machoni.

Huo mwendo kasi ni kitu gani? Ni wepesi. Mlingoti wa nyuzi za kaboni ni mwepesi, unapinda na kurudi haraka, na ni ghali. Mlingoti wa nyuzi za kioo, hii tunayoiita faiba, ni mzito kidogo na ni rahisi. Ubao wa mashindano ni mwembamba, mwepesi, na ukiukanyaga vibaya unapasuka. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mbao za tanga zilikuwa zinanyanyuka kabisa juu ya maji, zinapita zikiwa zimebebwa na bawa lililo chini. Ni kitu cha kutazama hicho, na bei yake nayo ni ya kutazama tu. Anayejifunza akinunua ubao wa namna hiyo ni sawa na mtoto anayejifunza baiskeli kwa baiskeli ya mashindano: ataanguka, na kitakachoumia zaidi ni mfuko wa baba yake.

Mwanafunzi anahitaji ubao mkubwa. Watengenezaji huupima ubao kwa lita, na hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ubao wa lita 200 unaweza kubeba kilo 200 ndipo uzame, ukihesabu na uzito wake wenyewe. Kijana wa kilo 70 atafute wa lita 170 mpaka 200, asimame juu yake kama anasimama kwenye jamvi. Tanga lake liwe la mita za mraba nne au tano, lisizidi. Akija mtu akakuuzia ubao wa lita 90 kwa bei ya kutupa, ukafurahi, utaupanda nao utazama chini yako taratibu, na tanga likulalie kichwani. Rahisi namna hiyo inageuka ghali.

Sasa nataka niwape kisa, kwa sababu watu wengi wakiona kitu kimetoka Ulaya hudhani kilizaliwa kiwandani.

Mwaka 1958, kwenye kisiwa cha Hayling huko kusini ya Uingereza, mtoto wa miaka kumi na miwili, jina lake Peter Chilvers, alijitengenezea ubao wenye tanga la kushika kwa mikono. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na alivyovipata. Miaka michache baadaye, kule Pennsylvania, Marekani, bwana mmoja Newman Darby alitengeneza wake, na mkewe Naomi ndiye aliyeshona tanga. Mwaka 1965 Darby alichapisha michoro katika jarida la ufundi ili anayetaka naye ajitengenezee nyumbani. Waliokuja kufanya biashara kubwa ni Wamarekani wengine wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California. Hao waliomba hataza mwaka 1968, na baadaye Schweitzer akawa anadai malipo kwa wengine waliotaka kutengeneza.

Kesi ya hataza hiyo ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Mwaka 1985 mahakama ikasema hataza hiyo haina nguvu Uingereza, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa yule mtoto wa Hayling na ubao wake wa kuungaunga. Alikuwa ameshautumia hadharani miaka kumi kabla ya hataza kuombwa.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu sehemu ya bei ya ubao kwa miaka mingi ilikuwa ni ya karatasi, ya sheria, wala haikuwa ya ubao. Na kwa sababu waliouanzisha walikuwa watu wenye msumeno na cherehani. Mimi nikipita Newala naona misumeno, nikipita Masasi naona vyerehani barazani. Basi.

Tuje kwenye njia zenyewe za kuupata kwa rahisi.

Njia ya kwanza ni kutonunua. Tumia ubao wa mwenzio mpaka ujue unataka nini. Kijana uliyeko Paje una bahati ambayo mtalii anailipia tiketi ya ndege: ubao uko pale, na jioni watu wakichoka umelala mchangani. Omba kwa heshima, wafanyie kazi ya kuosha na kupanga vifaa, ujifunze. Wengi walioanza hivyo hapo pwani leo ndio wanaowafundisha wageni. Ukisikia mwalimu wa maji anaongea Kiingereza, Kiitaliano na Kimakonde kwa pumzi moja, usishangae.

Njia ya pili ni mtumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha inapookolewa na ndipo inapopotea.

Vituo vya kukodisha vifaa vya upepo hubadilisha vifaa vyao, na vya zamani huuzwa. Ubao uliotumika unaweza kushuka hadi nusu ya bei, na ukiwa wa miaka kumi na zaidi unashuka hata robo. Kikubwa ni kwamba safari yake ya kuvuka bahari imeshalipwa na mwingine. Lakini ukaguzi ni wa kwako. Unakagua nini?

Kwanza ubebe. Ubao wa mwanafunzi wa siku hizi ni kilo kumi na kitu. Ukiuona mzito kuliko inavyoelekea, huenda umekunywa maji kwa ndani, na maji yakishaingia kwenye lile povu la ndani hayatoki kirahisi. Utikise usikilize. Halafu ugonge kwa kifundo cha kidole, kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa pale miguu inapokanyaga. Sauti inapobadilika, mahali panapobonyea, hapo pameoza. Kisha tazama lile tundu la pezi na ule mfereji wa mlingoti: kuna ufa?

Tanga nalo lifungue juani. Sehemu ile inayopitisha mwanga kama kioo, ikiwa imegeuka manjano na inalia kama karatasi kavu, jua limeshaimaliza. Itapasuka siku ya upepo. Mlingoti wa vipande viwili uuchomoe na kuuchomeka. Mchanga ukiingia pale kwenye maungio hung'ang'ania, mnavuta watu wanne hautoki.

Na sasa kile kiungo cha mpira nilichosema msikidharau. Kikunje kila upande, ukitafuta nyufa ndogo ndogo. Kikikatika ukiwa mbali, tanga linakwenda huku na ubao unakwenda kule, na wewe unabaki katikati unachagua. Shika ubao, tanga liache. Hicho kiungo ninyi nunueni kipya hata kama kila kitu kingine ni mtumba. Narudia: kila kitu kiwe mtumba, kiungo kiwe kipya.

Njia ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni kutengeneza.

Pwani yetu haijaanza leo kushona matanga. Ngalawa ina mlingoti, ina foromali, ina tanga, na fundi wake hakusomea Ulaya. Mwaka 2018 pale Lamu mafundi walishusha majini jahazi la mita tisa lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara chakavu kama elfu thelathini, wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Kama jahazi zima linatoka kwenye jalala, ubao mmoja wa plaiwudi utatushinda?

Hebu tuupime. Urefu mita tatu na kidogo, upana sentimita 75, unene sentimita 13, ncha zichongwe zipungue. Unapata kama lita 200, zinazomtosha kijana wetu. Ni boksi lenye mbavu ndani, lenye hewa tupu, limefunikwa kwa plaiwudi nyembamba inayostahimili maji, karatasi tatu za futi nane kwa nne. Maungio yazibwe vizuri kwa gundi ya epoksi, juu ipakwe rangi iliyochanganywa mchanga mwembamba ili mguu usiteleze. Uzito utafika kilo 25 mpaka 30, zaidi ya maradufu ya ubao wa dukani. Je, ni kasoro? Ni kasoro kwa wa mashindano. Kwa anayejifunza, uzito unatuliza ubao. Ule wa kwanza wa biashara kule California ulikuwa wa futi 12 na mzito vilevile, na dunia nzima ilijifunzia huo.

Mafundi, nisikilizeni mambo mawili ambayo yakiwapita mtapoteza mali. La kwanza: weka tundu dogo lenye kizibo. Ubao ukiwa juani nchi kavu, kizibo kifunguliwe, kwa sababu hewa ya ndani inapanuka na itapasua maungio. Ukienda majini, kifunge. Ukisahau kukifunga, utakumbuka mapema sana. La pili: wapo watakaotaka kutumia lile povu jeupe linalofungiwa friji na televisheni, kisha walivishe faiba. Ni wazo zuri, ila ile gundi ya poliesta wanayotumia mafundi wengi wa boti za faiba inalila povu hilo, inaliyeyusha mbele ya macho yako. Kwa povu jeupe ni epoksi tu. Epoksi ni ghali zaidi, ndiyo maana nasema plaiwudi.

Upinde wa kushikia utengenezwe kwa mbao. Pinde za mwanzo za California zilikuwa za mtiki, na mtiki tunao nchini. Tanga ashone fundi wa matanga wa Mikindani au fundi cherehani yeyote mwenye mashine nzito na subira. Na chini ya ubao, katikati, weka ubao mwembamba wa kushuka majini, pamoja na pezi la nyuma. Bila huo ubao wa katikati, mwanafunzi hawezi kwenda joshi. Upepo utamsukuma kombo kombo mpaka asikojua. Hapo msibane matumizi.

Unabaki kununua nini? Mlingoti, kama hukupata wa kufaa, na kile kiungo. Umeona milioni tano zilivyoyeyuka?

Njia ya nne nitaipita haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi: kuchanga. Ubao mmoja hautumiki na mtu mmoja kutwa nzima, mikono inachoka baada ya saa moja. Watu sita wenye kikoba chao wanaweza kumiliki seti moja. Ila andikeni ni nani analipa tanga likichanika, kabla halijachanika.

Sasa msikilizaji wa Masasi anauliza: nikishaupata niende nao wapi? Nakujibu kwa kuanza na pa kutokwenda. Usiende Ruvuma. Najua mto uko karibu, najua ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unauona bondeni na upepo unakupiga usoni mpaka macho yanatoa machozi. Upepo upo, maji yapo, na mamba wapo. Acha.

Nenda Mtwara. Ghuba ya Mikindani imejikunja, mawimbi hayana ukali, na ngalawa zinapita huku wavuvi wakikutazama, jambo ambalo ni ulinzi mkubwa kuliko unavyodhani. Kutoka Masasi unashuka kwa lami kupitia Ndanda na Mnazi Mmoja. Kutoka Newala ni kwa ile barabara yetu ya Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, kilomita 210, inayopata lami kipande kwa kipande. Ongea na kondakta mapema kuhusu mzigo wa juu, na ufunge ubao kwa magodoro, si kwa kamba tupu.

Halafu uliza wavuvi habari ya upepo. Upepo wa nchi kavu wa alfajiri, ule wanaouita umande, unavuma kutoka ufukweni kwenda nje. Kwa mwanafunzi huo ni upepo wa kukaa nchi kavu kunywa chai, kwa sababu kwenda unakwenda, kurudi ndiyo shughuli. Na kabla ya hayo yote, ujue kuogelea. Wengi wetu tuliokulia uwandani hatukuwa na mahali pa kujifunzia. Koti la kuokolea maisha lihesabiwe ndani ya bei ya ubao, lisiwe la kununua baadaye.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mjomba zaidi kuliko la kijana. Ni lini ununue? Tazama kalenda. Kusi inavuma kwa nguvu katikati ya mwaka, inaanza kulegea Septemba, Oktoba. Kaskazi yenye nguvu ya kuwarudisha wageni wa upepo Unguja inakuja Desemba. Katikati hapo vituo vinapumua, vinakagua vifaa, vinatoa vya zamani. Na huku kwetu Oktoba ni nini? Minada ya korosho imefunguka, vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vinauza, malipo yanaanza kuingia kwenye akaunti. Kwa hiyo wiki chache ambazo ubao una bei ya chini ndizo wiki ambazo mjomba ana fedha. Ukimpigia simu mwezi wa Februari, amelipa ada za shule, amenunua bati, na salfa ya mikorosho kwa msimu ujao inamnyemelea. Atakuambia ubao usubiri, na atakuwa sahihi. Mpigie Oktoba, tena jioni, akiwa ameshakula.

Na wewe mjomba, akikupigia, muulize mambo matatu tu: ubao ni wa lita ngapi, kiungo ni kipya au cha zamani, na je, amejifunza kuogelea? Akijibu yote bila kubabaika, endelea kumsikiliza. Akianza kukueleza rangi ya tanga, mwambie mtandao unasumbua.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza habari ya salfa hiyohiyo niliyoitaja: jinsi ya kuihifadhi nyumbani bila kuwaumiza watoto. Mpaka hapo, kwaherini, na usiku mwema.